Redio ya kikundi na nguvu yake: mawe, adapta na mfuko

Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya wasikilizaji, Kalehe, Kivu ya Kusini

 

Niliombwa kusema juu ya redio na amani. Mtaniruhusu nianze na mawe ya redio, yale ambayo wengine wanaita pile. Tangu Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, na redio za jamii zilipozidi kuwa nyingi, tumekuwa tukisema sana juu ya vipindi: nani anaongea, kwa lugha gani, kwa saa gani. Juu ya mawe hatusemi kitu. Lakini kipindi kizuri hakifiki katika redio iliyozimika.

Kumbukeni Goma. Nyiragongo ilitapika tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27, alfajiri, serikali ikatangaza kwamba sehemu kubwa ya mji ihame. Maelfu wakashika njia ya Sake, wengine wakaelekea Rwanda. Januari 2025, vita vilipofika Goma, umeme ulikatika siku kadhaa. Siku kama hizo, mwenye redio yenye nguvu anasikia tangazo lenyewe. Asiye nayo anasikia lile alilosikia jirani kutoka kwa mpita njia. Nasi tunajua vizuri maneno hayo yanavyogeuka njiani, na jinsi kabila fulani linavyokuja kutajwa ndani yake wakati tangazo halikutaja kabila lolote.

Basi tuingie katika kazi. Jiwe kubwa lina alama R20, jiwe dogo R6. Yote mawili yanatoa volti 1.5. Tofauti ni akiba: jiwe kubwa linadumu mara nyingi kuliko dogo. Redio ya mawe manne inataka volti 6, ya mawe mawili inataka volti 3. Mkiona alama LR mbele ya namba, hilo ni jiwe la alkalini. Bei yake iko juu, lakini linadumu zaidi. Kwa kikundi kinachosikiliza mara nyingi, mara nyingi linalipa.

Msichanganye jiwe jipya na la zamani. Lile dhaifu linawavuta wenzake, mwishoni linatoa maji yanayokula chuma cha redio. Badilisheni yote siku moja, na andikeni tarehe. Redio ikikaa wiki bila kutumiwa, toeni mawe. Kuyaanika juani kunarudisha nguvu kidogo tu, kwa muda mfupi, na kunayafanya yavuje upesi. Kuyaweka karibu na moto ni hatari, yanaweza kupasuka. Tena, ile desturi ya kuvunja mawe yaliyokufa ili kupata unga mweusi wa kupaka ubao wa shule, nawaomba tuiache, hasa kwa mikono ya watoto. Ndani yake mna manganizi, na si kitu cha kuchezea.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote hayo. Mawe yakichoka, redio haizimiki mara moja. Inaanza kukwaruza, na sauti inakatika hasa pale mtangazaji anapotilia neno nguvu. Mtu anasikia jina la kijiji, hasikii kama wamefika au wameondoka. Halafu anaenda kusimulia. Kikundi kiwe na kanuni: redio ikianza kukwaruza, punguzeni sauti, sogeeni karibu. Kama bado maneno hayaeleweki, habari hiyo isitoke katika kikao mpaka isikiwe tena vizuri.

Sasa adapta, kile kisanduku cha kuchomeka ukutani. Umeme wa ukutani ni volti 220, adapta inaushusha. Someni mambo matatu. Kwanza volti, lazima zilingane na za redio. Zile adapta zenye kitufe cha kuchagua 3, 6, 9 au 12, kitazameni kitufe kila mara kabla ya kuchomeka, maana watoto wanapenda kukigeuza. Pili miliampere: ya adapta ikizidi ya redio hakuna shida, ikipungua ndiyo inayounguza adapta. Tatu ni ule mchoro wa nukta ndani ya duara lililo wazi, wenye alama za + na −. Lazima ufanane na ulio kwenye redio, la sivyo mnaweza kuiua siku hiyohiyo.

Betri ya pikipiki ni volti 12. Isiunganishwe moja kwa moja na redio ya volti 6. Na bamba la jua linaloitwa la volti 12 linaweza kupita volti 18 jua likiwa kali. Lipitie kwanza kwenye kidhibiti na betri. Redio ndogo za siku hizi zinazochajiwa kama simu ni rahisi zaidi, lakini chaja nyingi za bei ya chini zinaleta kelele katika mawimbi. Chajini mchana, chomoeni, ndipo msikilize.

Sasa yale magumu. Katika vikundi vingi nilivyotembelea, redio ilitolewa kwa wote, lakini mawe ananunua mtu mmoja. Miezi miwili haipiti, redio inalala kwake, yeye ndiye anayechagua stesheni, na lugha ya habari inakuwa lugha yake. Hakuna aliyefanya ubaya, aliyelipa anajiona mwenyewe. Lakini wale wa upande mwingine wa kijiji wanaacha kuja kidogokidogo, na kikundi kilichoundwa ili watu wasikilize pamoja kinabaki cha jamaa moja.

Kwa hiyo naomba kila kikundi kiwe na mfuko mdogo, franga chache kwa kila kikao, na mweka hazina wawili kutoka jamii mbili tofauti. Mmoja atunze pesa, mwingine atunze mawe ya akiba. Akina mama, msikubali mfuko uwe wa wanaume peke yao: ninyi ndio mnaoenda sokoni, bei mnazijua. Redio ilale kwa zamu. Na seti moja ya mawe mapya ikae imefungwa, isiguswe kwa mpira wala kwa muziki, mpaka siku ambayo njia zimefungwa na umeme hakuna.

Mliokuja na redio zenu, tuzilete hapa mezani baada ya chakula. Nina msasa wa kusugua chuma kilichoshika kutu, na kipimo cha volti. Tutaanza na zile ambazo mawe yamevujia ndani.