Kabla ya Kushuka Kitonga

Mazungumzo aliyoyatoa mmoja wa wanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, siku ya pili ya mkutano wetu



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa magari. Katibu alinipa nusu saa, naye Mwenyekiti ameipunguza ikawa robo kwa sababu wali umekwisha iva. Basi sitasema yote. Asubuhi nimehesabu magari yaliyoegeshwa uwanjani, nikapata 41, na mengi kati ya hayo kesho yatateremka mlima Kitonga kurudi Morogoro na Dar es Salaam. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya breki, na mengine nitayagusa tu.

Vijana wa fizikia mnajua kwamba kimiminika hakibonyei. Ukikikandamiza upande mmoja, nguvu ile hufika upande wa pili. Ndivyo breki zinavyofanya kazi. Mguu husukuma pedali, pedali husukuma mafuta ya breki katika mabomba, mafuta husukuma pistoni ndani ya kalipa, na pistoni hubana pedi mbili juu ya diski inayozunguka na gurudumu. Lakini hewa na mvuke hubonyea, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kwayo hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Sasa mfikirie dereva anayeshuka Kitonga, gari limejaa watu na mizigo, mguu haubanduki kwenye pedali. Diski zinapata moto, moto unapita kwenye pedi hadi kwenye pistoni, na mafuta yaliyozeeka yanaanza kuchemka. Mvuke ukishatokea ndani ya bomba, pedali huzama mpaka sakafuni na gari haliitiki. Tena gari likisimama na kupoa, breki hurudi kama kawaida, na yule atakayelikagua baadaye anaweza kuzikuta nzima kabisa na kumlaumu dereva bure.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: badilisheni mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halitembei sana, maana unyevu hausubiri kilomita. Nunueni kopo dogo lililofungwa. Kopo lililofunguliwa mwaka jana na kukaa rafuni halifai.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwenye gari anaweza kulifanya bila spana. Fungua boneti, utazame kichupa cha mafuta ya breki kilicho karibu na kioo cha mbele. Kina alama mbili, ya juu na ya chini. Kadiri pedi zinavyolika ndivyo pistoni inavyosogea mbele, na mafuta ndani ya kichupa hushuka polepole. Kwa hiyo ukiona yamepungua, usikimbilie kuongeza. Kwanza chungulia pedi. Zikiwa nzima na mafuta yanazidi kupungua, basi yanavuja mahali, na gari hilo lisitoke uani mpaka mahali hapo paonekane.

Kubadilisha pedi za mbele kwa magari mengi madogo tuliyo nayo, kama Vitz, IST na Corolla, ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu mwangalifu. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua gari. Ukishaliinua, usiliamini jeki peke yake. Weka stendi ya chuma au gogo nene, na gurudumu ulilotoa lisukume chini ya ubavu wa gari. Fungua bolti ya chini ya kalipa, iinue kalipa juu, utoe pedi za zamani. Ukiona unene wa pedi yenyewe, bila kuhesabu bati lake, umefikia milimita 3, muda wake umekwisha. Vumbi lake usilipulize kwa pampu wala kwa mdomo. Pedi za miaka ya nyuma zilikuwa na asbesto, na hata za leo vumbi lake si la kuvuta. Tumia kitambaa kilicholowa.

Kabla ya kuweka pedi mpya hapana budi kuirudisha pistoni ndani, polepole, kwa klampu. Fungua kwanza kifuniko cha kichupa, na uangalie kisifurike, kwa maana mafuta ya breki hula rangi ya gari. Kalipa usiiache ining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja, wala usikubali kubadilishiwa upande mmoja eti ule mwingine bado unafaa, maana gari litavuta upande. Ukimaliza, kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mkanyago wa kwanza baada ya kuweka pedi mpya huzama wote, kwa kuwa pistoni bado iko mbali na pedi. Gari lililotolewa gereji kwa kurudi nyuma bila kulifanya hili huishia ukutani, na nimeuona ukuta wenyewe.

Hata breki nzima haziwezi kazi ya Kitonga peke yake. Shukeni kwa gia ndogo. Mwenye gari la otomatiki azime O/D, au aweke 2 au L kabla mteremko haujaanza. Mwenye gari lenye alama ya B au S aitumie hiyo. Injini ndiyo itakayolishika gari. Kisha breki zikanyagwe kwa nguvu na kwa muda mfupi, ziachwe zipoe, ndipo zikanyagwe tena.

Wapo ndugu zetu wanaoweka nyutro mteremkoni ili kuokoa mafuta. Katika magari ya kabureta hesabu hiyo ilikuwa na maana kidogo, ingawa hatari ilikuwa ile ile. Katika magari yanayopuliziwa petroli kwa nozeli, ambayo ndiyo karibu yote yaliyo hapo nje, hesabu imegeuka. Gari likiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa. Likiwekwa nyutro, injini inaendelea kunywa ili isizime. Basi mtu huyo anajitia hatarini na petroli anaichoma.

Wale watakaorudi mwakani watakuwa wanapanda, na kupanda ni habari ya maji. Hapa nina ugomvi wa siku nyingi na mafundi wenzangu. Gari likichemsha, fundi wengi hutoa thamostati na kuitupa, wakisema hiki ni kitu cha nchi za baridi. Si kweli. Thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, injini hukaa baridi, kompyuta huidhania kuwa ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, na petroli isiyoungua hushuka ikachanganyika na oili. Na katika baadhi ya injini, thamostati hiyo hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari likipanda mlima huchemka zaidi kuliko mwanzo.

Mwalimu wa fizikia akiruhusu, vijana mnaweza kuipima katika maabara. Itundikeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, msiache vikagusa chini, kisha pasheni moto. Nyingi za Toyota zimegongwa namba 82 juu yake, na karibu na nyuzi hizo mtaiona ikifunguka. Isipofunguka mpaka maji yachemke, imekufa, nunueni nyingine. Katika nyanda zetu hizi maji ya kawaida huchemka karibu na nyuzi 95 tu, si 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta chenye springi iliyo hai ni muhimu, kwa kuwa hubana mgandamizo unaoyafanya maji yachelewe kuchemka. Na ndiyo maana pia hakifunguliwi wakati injini ni ya moto. Wekeni kulanti, msijaze maji ya kisima kila siku, yana chumvi inayoziba na kula rejeta.

Oili mnaijua. Pimeni kila wiki, gari likiwa tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Badilisheni pamoja na filta yake, na katika vumbi letu kilomita 5,000 zinatosha. Uzito unaotakiwa aghalabu umeandikwa juu ya kifuniko cha kutilia oili, jambo la bahati, maana vitabu vingi vya magari haya vimekuja vimeandikwa Kijapani. Oili ya gia boksi ya otomatiki na ile ya CVT ni vitu viwili, msichanganye.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira umekauka na kupasuka nyufa. Someni namba kabla ya kulipa.

Naona Mwenyekiti ananitazama. Baada ya chakula nitakuwa chini ya mikaratusi karibu na karakana, nina tochi, geji ya upepo na kipima mafuta ya breki. Kila mwenye safari kesho alete gari lake, na wanafunzi wa kidato cha tatu wamekubali kunisaidia kufungua magurudumu. Tuanze na yale yanayoshuka Kitonga. Ya Mbeya na Njombe yatasubiri.