Sikiliza Injini Inapogonga

Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo linalomtia hofu kila mwenye motakaa, yaani sauti ya kugonga katika injini. Najua kwamba kwa wengi wenu gari si pambo. Ndilo lipelekalo maziwa kiwandani na mboga sokoni, na karo ya watoto hutoka humo. Basi nataka mjue jambo moja kuu: kugonga si kwa namna moja. Kuna kugonga kunakokuruhusu ufike nyumbani, na kuna kugonga kunakotaka uzime injini pale pale.

Kabla ya kumwita fundi, simamisha gari mahali tambarare, uzime injini, ungoje dakika chache. Vuta kijiti cha kupimia oili, ukifute, ukirudishe, kisha ukivute tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza ya namna iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kisha jiulize: sauti hii hutokea lini? Injini ikiwa baridi, au wakati wa kupanda mlima, au wakati wote? Fundi mwema atakuuliza hayo hayo.

Sauti ya kwanza ni nyepesi, kama saa ya ukutani inayokwenda mbio, nayo hutoka juu ya injini. Mara nyingi hizo ni tapeti. Katika injini nyingi za zamani fundi hupima nafasi ya vali kwa vipande vyembamba vya chuma, akairekebisha. Katika injini ambazo tapeti zake hujirekebisha kwa nguvu za oili, tazameni kwanza kama oili ni chache au imechakaa. Sauti hii haivunji injini leo, lakini isiachwe mwaka mzima.

Sauti ya pili ni kama changarawe zinazotikiswa ndani ya mkebe. Husikika gari likiwa na mzigo, likipanda mlima kwa gea kubwa. Sababu yake ni kwamba sehemu ya petroli hulipuka kwa kishindo badala ya kuwaka kwa taratibu. Punguza mguu, ushuke gea moja. Baadaye hakikisha kwamba petroli yako ina oktani iliyotajwa kitabuni, kwamba rejeta haikupungua maji, na kwamba cheche ya plagi haitoki mapema mno. Masizi yaliyogandamana ndani ya silinda pia huleta ugonjwa huu.

Hapa pana jambo la kuwafaa madereva wa safari ndefu. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya kabureta iliyorekebishwa huko, ikishuka Mombasa, huvuta hewa nzito zaidi, na mgandamizo katika silinda huzidi. Kwa hiyo gari lililonyamaza Nairobi laweza kugonga pwani, na dereva akadhani ameuziwa petroli mbovu. Magari mengi ya siku hizi yana chombo kinachosikia kugonga huko na kuichelewesha cheche chenyewe.

Zamani petroli ilitiwa risasi ili kuzuia kugonga huko, dawa iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1921. Lakini risasi ni sumu, na hudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Leo dawa ni petroli ifaayo na injini iliyotunzwa.

Sauti ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Ni nzito, kama nyundo juu ya chuma, hutoka chini ya injini, na huongezeka mbio kadiri injini inavyoongezeka mbio. Hiyo ni beringi ya konrodi iliyolika, hasa kwa kukosa oili. Ukiisikia, au ukiona taa nyekundu ya oili inawaka, zima injini, na gari livutwe. Fundi atafungua sampu, atafute vipande vya chuma katika oili, na kupima krenki. Ikiwa krenki haijakwaruzika, beringi mpya zaweza kutosha. Ikiwa imekwaruzika, itachongwa na kutiwa beringi nene zaidi. Lakini ukisema, “Nifike tu mjini,” konrodi yaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini, nawe utanunua injini nzima.

Mwisho, jihadharini mnaponunua gari lililotumika. Wako wauzaji wanaotia oili nzito mno ili kuificha sauti hii. Fikeni asubuhi, injini ikiwa bado baridi, iwashwe mbele yenu. Sauti kidogo inayokwisha injini ikipata moto yaweza kuwa pistoni iliyolegea, nayo hupunguza bei. Sauti nzito isiyokwisha, mwacheni nayo mwenyewe.

Mabibi na mabwana, kijiti cha oili hakina bei, na masikio tumepewa bure. Anayevitumia vyote viwili hatashangazwa na hesabu ya fundi.