Mafuta Yaliyomo na Mafuta Yatakayotoka



Tangu mafuta yalipogunduliwa katika bonde la Ziwa Albert, Uganda, mwaka 2006, idadi moja imetajwa mno mikutanoni na masokoni: mapipa bilioni 6.5. Wengi wameizidisha kwa bei ya pipa, wakapata utajiri usio na kifani. Lakini hiyo ni idadi ya mafuta yaliyomo ardhini. Yanayotazamiwa kutoka ni takriban bilioni 1.4, yaani pipa moja tu kati ya karibu matano.

Je, mengine yanaibwa? Swali hili huulizwa kwa uchungu, nalo lastahili jibu la haki. Mafuta hayakai chini kama maji ya kisimani. Yamo katika vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga. Wataalamu hupima ukubwa wa eneo na unene wa mwamba, hukadiria sehemu iliyo vitundu, hutoa nafasi iliyoshikwa na maji, kisha hukumbuka kwamba mafuta hunywea yafikapo juu, kwa kuwa gesi iliyoyeyuka ndani yake hutoka. Visima vya utafiti ni vichache. Baina ya kimoja na kingine ni makisio.

Kuyatoa ni jambo jingine. Msukumo wa chini hupungua kadiri yanavyotoka, hata huhitajika maji kuingizwa ardhini ili kuyasukuma. Bado sehemu kubwa hubaki imenata mwambani, kama mafuta ya taa yabakiavyo katika utambi. Tena haya ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 liendalo Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa moto. Na bei ikishuka, kisima cha gharama kubwa hakichimbwi: akiba hupungua pasipo mtu kugusa mwamba. Kwa hiyo mkadiriaji mwaminifu hutoa idadi tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Atajaye ya juu peke yake, kwa maoni yangu, ana kitu anachouza.

Sheria ya Uganda ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015 huzitengea serikali za mitaa za maeneo ya mafuta asilimia 6 ya mrabaha. Mrabaha hutozwa kwa mapipa yaliyotoka, si yaliyolala. Diwani aahidiye zahanati na barabara kwa hesabu ya bilioni 6.5 ameahidi zaidi ya mara nne ya kitakachokuja. Basi viongozi wa jumuiya, mkisomewa hesabu hizo, ulizeni: ni mafuta yaliyomo, au yatakayotoka? Yalikadiriwa mwaka gani, kwa bei ipi, na nani aliyemlipa mkadiriaji?