Jibu Bila Njia Halina Maksi

(Hotuba fupi iliyotolewa katika karamu ya wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta na utafiti. Nitaanzia darasani. Mwalimu wetu wa hesabu alikata maksi hata jibu likiwa sahihi, endapo njia haikuonyeshwa. Tulinung'unika sana. Leo, baada ya karibu miaka ishirini ya utumishi serikalini, nakiri kwamba alikuwa na haki.

Siku moja ofisini niliulizwa: tarakimu hii katika taarifa yenu imepatikanaje? Aliyeikokotoa alikwisha kuhamishwa. Faili lilikuwa na jibu tu. Tulihangaika siku tatu tusiipate tena. Na taarifa ilikuwa na sahihi yangu.

Maradhi haya si yetu peke yetu. Mwaka 2010 wachumi wawili wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na wastani wa ukuaji wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Wakubwa wa serikali kadhaa waliitaja makala hiyo walipotetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon, akisaidiwa na walimu wake, alionyesha kuwa jedwali lao la kompyuta liliziacha nchi tano. Kosa hilo na mengine waliyoyataja yaliposahihishwa, wao walipata asilimia 2.2. Wachumi wale walikiri kosa la jedwali, ingawa waliendelea kutetea hoja yao. Lakini kosa lilionekana kwa sababu moja: walimpa mwanafunzi yule jedwali lenyewe.

Dawa ipo. Mwaka 1984 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alishauri programu iandikwe kama insha ya kumweleza binadamu. Katika mfumo wake, faili moja lilitoa vitu viwili: maandishi ya kusomwa na mtu, na amri za kufuatwa na mashine. Mwaka 2002 Friedrich Leisch alileta Sweave, ambamo maelezo ya utafiti na hesabu zake hukaa pamoja. Takwimu zikibadilika, unaiendesha upya, na majedwali hubadilika yenyewe.

Ndugu zangu, njia hii haizuii kosa. Mtu aweza kueleza upuuzi kwa ufasaha. Bali kosa lililo wazi hupata wa kulisahihisha, na lililofichwa hurithiwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tarakimu nayo ni mali. Wewe unayetia sahihi taarifa kesho asubuhi, mwachie atakayekuja baada yako njia, si jibu tu.