Droni Haitaki Mikono ya Haraka

Droni iliyonunuliwa kwa michango ya wengi inaweza kuvunjika kwa dakika moja, mrushaji akiwa na haraka. Basi tujifunze pole pole.

Kwanza ni ruhusa. Kwa kanuni za mwaka 2020, droni hapa Kenya lazima iandikishwe kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, na kibali kipatikane kabla ya kuirusha.

Pili, tafuteni uwanja mpana usio na watu, miti wala nyaya za stima, asubuhi kabla upepo haujaanza. Inua droni mita tatu hivi, iache itulie. Kisha ipeleke mbele mita kumi, isimamishe, irudishe. Rudia mpaka mkono uzoee. Mkia uwe upande wako. Ikigeuka ikakutazama, kushoto kwake ni kulia kwako, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea.

Vijiti visukumwe kidogo kidogo, virudishwe taratibu. Ukiviachilia ghafla, droni hushtuka na picha ya shamba hutikisika. Lakini ukichanganyikiwa, viachilie tu: droni yenye GPS husimama yenyewe hewani.

Mmoja akirusha, mwenzake aangalie anga na betri. Betri ikibaki asilimia 30, teremsheni, hata kama zamu ya mtu haijaisha. Kesho atarusha tena. Droni ikianguka, hakuna atakayerusha.