Shindana kwa Kilicho Chako

(Mawaidha haya yalitolewa kwa vijana na wazazi huko Kibabii, jioni kabla ya futari. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah Subhanahu wa Taala, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Nimeombwa nizungumze juu ya hili shindano lenu na wenzenu wa Kitale. Naona wazee kule nyuma wananitazama tu, kompyuta na Ramadhani vinakutana wapi? Basi vijana mnivumilie kidogo, nianze na wazee.

Wazee wangu, kompyuta ya nyumbani muda mwingi haina kazi. Mtoto anaandika barua moja, anasoma habari mbili, na mashine inatumia nguvu kidogo sana ya ile iliyo nayo. Upande mwingine kuna watafiti wenye hesabu nyingi kuliko mashine zao. Wanachofanya ni kuikata ile hesabu vipande vidogo vidogo, kila kipande kinatumwa kwa intaneti kwa mtu aliyejitolea, kompyuta yake inakipiga na kurudisha jibu. Ni kama mahindi yetu hapa Bungoma. Gunia mia ukimwachia mtu mmoja apukuchue, atalia. Kila nyumba ikichukua debe moja, kufikia magharibi kazi imekwisha.

Jambo hili lilipata umaarufu mkubwa tarehe 17 Mei 1999, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilipoanzisha SETI@home, kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani wakitafuta kama kuna viumbe wengine. Waliacha kugawa kazi mwezi wa Machi 2020. Folding@home, ambayo ndiyo mnayotumia nyinyi, ilianza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2000, inachunguza jinsi protini za mwili zinavyojikunja, na wakati wa korona watu wengi mno waliikimbilia.

Sasa, kwa kila kipande unapewa pointi. Jina lako linapanda kwenye jedwali, timu yako inapanda, na wa Kitale wanashuka. Hapo ndipo vijana walipoamka! Wallahi sikuwahi kuona vijana wakiipenda sayansi hivi mpaka walipoambiwa kwamba Kitale wako mbele.

Nami siwalaumu, kwa sababu ugonjwa huo niliupata kabla yenu.

Mwaka 2010 nilikuwa kijana wa saiba pale Bungoma mjini. Waya wa intaneti wa chini ya bahari ulikuwa umefika Mombasa mwaka mmoja kabla, na mambo yalikuwa yameanza kuwa afadhali. Binamu yangu aliyekuwa Leicester, Uingereza, akaniandikia kuhusu mradi mmoja unaoitwa malariacontrol.net. Huu ulitoka Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto kule Basel, Uswisi, ndugu wa siku nyingi wa wale wa Ifakara, Tanzania. Ulianza kujaribiwa mwaka 2005 kwa msaada wa CERN, na watu 500 tu wa kwanza, kwa miezi michache, walipiga hesabu ambazo kompyuta moja ingehitaji miaka 150.

Hesabu zenyewe zilikuwa hivi. Ndani ya kompyuta unajenga kijiji cha kubuni, chenye watu wanaozaliwa, wanaoumwa na mbu, wanaougua, wanaopona na wanaokufa. Unakiendesha miaka na miaka. Kisha unauliza: nikiwapa neti nusu yao, itakuwaje? Nikiwapa chanjo watoto tu? Majibu unayalinganisha na takwimu za kweli zilizokusanywa vijijini, kama zile za Garki, Nigeria, za miaka ya 1970. Na kwa vile mambo mengine ni bahati, leo mbu kakuuma wewe na kesho jirani, lazima uendeshe kijiji hicho mara maelfu kwa maelfu.

Mimi niliyezaliwa hapa, niliyewahi kubeba mdogo wangu mgongoni usiku akitetemeka kwa homa hiyo hiyo, ningekataaje?

Tukaanza. Binamu yangu alikuwa na mashine moja mpya, ananishinda kila siku, na kila siku ananiandikia, "Vipi huko, mmelala?" Mnajua kejeli za ndugu. Ikaingia Ramadhani, wiki moja hivi baada ya kura ya katiba mpya. Usiku mmoja baada ya tarawehe nikarudi saiba, ufunguo ninao, nikaweka ile programu kwenye mashine zote kumi. Nikaziacha zikiwaka mpaka asubuhi, na usiku uliofuata, na uliofuata. Nilimpita binamu yangu siku ya tano. Furaha niliyokuwa nayo, nilisahau hata njaa ya kufunga.

Mwezi wa Septemba bili ya stima ikaja.

Pigeni hesabu wenyewe. Mashine moja ya zamani ile, na kioo chake kimezimwa, tuseme inakula wati 100. Mashine kumi, saa kumi kila usiku: uniti 10. Mwezi mzima: uniti 300. Mzee mwenye saiba aliishika ile karatasi, akaita fundi atazame kama kuna jirani anayeiba stima. Nikamwona fundi anapanda ngazi kutafuta mwizi juu ya dari, na mwizi mimi nimesimama chini, nimemshikia ngazi.

Nilimweleza yote kabla ya adhuhuri. Niliweka maneno mazuri: ni kwa ajili ya malaria, ni kwa ajili ya watoto wetu, si kwa faida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniomba ningekupa. Sasa stima umechukua, na thawabu pia umeninyima."

Nililipa kwa kukatwa mshahara, miezi mitatu. Pointi sikuweza kuzirudisha, zilibaki pale kwenye jedwali na jina langu juu yake. Kila nikiziona nilitamani kuzifuta.

Si mimi peke yangu. Kule Georgia, Marekani, fundi wa kompyuta wa chuo fulani alifikishwa kwenye sheria kwa kuweka programu ya namna hii kwenye mashine za chuo bila ruhusa. Ilimalizika mwaka 2002 kwa malipo na kazi za kutumikia jamii, lakini aliponea chupuchupu kifungo.

Sasa tuje kwa Masahaba. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kisa ambacho wengi wanasema ni cha wakati wa Tabuk. Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu kutoa. Sayyidna Umar akajisemea kwamba kama kuna siku atamshinda Abu Bakr, basi ni leo. Akaleta nusu ya mali yake. Abu Bakr akaja na kila alichokuwa nacho, na alipoulizwa nyumbani kaacha nini, akajibu kwamba kawaachia Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Umar akakiri kwamba hatamshinda kamwe.

Watu wanakitumia kisa hiki kuonyesha ukarimu, na ni sawa. Mimi tangu mwaka ule nakisikia kwa sikio jingine. Umar alitaka kushinda, na hakuficha. Hakuna aliyemkaripia kwa kutaka kushinda. Lakini nusu ile ilikuwa nusu ya mali YAKE. Hakupitia kwa jirani akachukua ngamia ili hesabu yake izidi ya rafiki yake.

Na kuna sura moja, Al-Mutaffifin, ifungueni mkifika nyumbani. Inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Aya ya 26 ya sura hiyo hiyo inawataka wenye kushindana washindane kwa ajili ya neema za Peponi. Mwanzo kipimo, kisha shindano, sura moja! Hata hawa wenye miradi walijifunza hilo kwa uchungu. Walitokea watu wanaotuma majibu ya uongo ili wapate pointi, ikabidi miradi mingi ipeleke kipande kile kile kwa watu wawili au zaidi na kulinganisha. Fikirieni nguvu inayopotea kwa sababu ya wachache wasioaminika.

Mtauliza, ile kazi yetu ya malaria ilizaa nini? Mradi ulifungwa mwaka 2016. Mwaka huo huo gazeti la kitabibu la Lancet lilikuwa limechapisha makadirio ya vikundi vinne vya watafiti juu ya faida ya chanjo ya RTS,S, na kimojawapo kilitumia programu ile ile ya Basel. Septemba 2019 chanjo ikaanza kutolewa Homa Bay, na kaunti yetu ya Bungoma ilikuwa kati ya nane zilizochaguliwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto. Sisemi chanjo ilitoka kwenye saiba yetu, nisije nikaongeza uongo juu ya wizi. Walioitengeneza ni wengine, na wazazi walioleta watoto wao wafanyiwe majaribio walitoa zaidi yetu sote.

Kuna aliyeniuliza pale nje kama hii ni sadaka. Mimi si mufti, masheikh wapo hapa, waulizeni. Mimi nauliza la chini zaidi: tokeni za stima nyumbani kwenu ananunua nani? Kama ni baba, baba anajua? Kama kompyuta ni ya kazini au ya darasani, mwenye dhamana amekubali, kwa mdomo wake? Na wewe mwenye laptopu kuukuu unayeona haya kwa pointi zako chache, kumbuka mafukara wa Madina waliokwenda kulalamika kwa Mtume (S.A.W.) kwamba matajiri wamewazidi kwa sadaka. Hakuwaambia wakakope. Aliwafundisha dhikri wanayoiweza. Basi iwashe saa mbili zako, iweke juu ya meza, si juu ya godoro isije ikaungua.

Nimewaandikia wa Kitale tukubaliane: kila mmoja aorodheshe mashine zake na jina la mwenye stima, na zisizo na ruhusa zitolewe kabla ya hesabu ya Idi. Wamekubali. Najua sisi tutapoteza mashine nyingi kuliko wao, na nyinyi mlio safu ya pili mnajua kwa nini, msiinamishe vichwa. Mkaongee na wenye mashine kesho.

Tende zinapita, tafadhali zifike kwa akina mama pia. Muadhini ameshasimama. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.