Usahaulifu wa Uzeeni: Pima Kabla ya Kununua



Mzee anapoanza kusahau, muuzaji wa dawa ya kumbukumbu mara nyingi humfikia kabla ya daktari. Huja na chupa na ushuhuda, na pensheni ya mwezi huondoka naye.

Napenda kusema wazi: hadi leo hakuna dawa inayoponya ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha kupoteza kumbukumbu uzeeni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo usiopendekeza vidonge vya vitamini B wala vitamini E kwa ajili ya kujikinga na maradhi ya namna hii. Mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni 17 zilizouza bidhaa kwa madai ya kuyatibu.

Hata hivyo, si kila kusahau ni ugonjwa. Kutafuta miwani na baadaye kukumbuka ulipoiweka ni jambo la umri. Kupotea katika njia uliyoizoea, kurudia swali lilelile kila baada ya dakika chache, au kushindwa kuhesabu chenji ni dalili za kumwona daktari. Akili ikivurugika ghafla, katika saa au siku chache, nendeni hospitali bila kuchelewa. Huenda ni kiharusi au maambukizi.

Zipo pia sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, sonona, na baadhi ya dawa za usingizi na za mzio. Kwa hiyo mpelekee daktari dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Vitamini isiyomsaidia mwenye nayo ya kutosha humfaa aliyepungukiwa, na wa kubainisha hilo ni maabara, si muuzaji.

Kinga nayo ipo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangeweza kuepukwa au kucheleweshwa iwapo yangeondolewa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, usikivu hafifu, kutofanya mazoezi na upweke. Basi fedha ya chupa ile itumike kupima shinikizo la damu na masikio. Kutembea, kuzungumza na majirani na kucheza bao havina gharama.

Nanyi wana na wajukuu, mzazi anayesahau hadanganyi, wala si mchawi. Msimbishie, mjibuni kwa upole. Vitu vyake viwe na mahali pamoja, ratiba ya dawa ibandikwe ukutani, na awe na namba ya simu ya nyumbani mfukoni. Angali na uwezo wa kuamua, achague mwenyewe, mbele ya mashahidi, mtu mwaminifu wa kumsaidia katika mali yake. Namba yake ya siri ya simu asipewe wakala wala muuzaji.

Atakayewaletea chupa, mwulizeni imesajiliwa wapi na inaponya nini. Asipojibu, fungeni pochi, mwende zahanati.